Wanakuuzia njaa, daktari wamemwacha nje

Kwa nini kila mtu kwenye simu yangu amepunguza kilo 10 kwa siku 21? Nauliza kwa upole tu. Fungua TikTok jioni moja, kaa dakika kumi. Utakutana na dada ameshikilia suruali yake ya zamani mbele ya kioo. Utakutana na kijana anatikisa unga wa vanila kwenye chupa. Halafu nambari ya kuagiza, na maneno ambayo siku hizi wote wameyakariri: "Imethibitishwa na madaktari."

Leo tuongee kuhusu hayo maneno, kwa sababu ndani yake kuna ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaua watu.

Ukweli wenyewe ni huu. Kuna dayati halisi ya hospitali ambapo mtu anakula kalori chini ya 800 kwa siku, nyingi zikiwa za protini, kwa wiki kadhaa, na uzito unashuka haraka kweli. Si stori za vijiweni. Madaktari wameitumia tangu miaka ya 1970. Kuelewa vile ni kidogo: mwanamke wa kawaida anahitaji kama kalori 2,000 kwa siku, mwanaume kama 2,500. Chapati tatu na chai ya maziwa zinaweza kumaliza hizo 800 kabla saa nne ya asubuhi.

Msimamo wangu nitausema mapema ndio usinitafute mwisho wa makala: hii dayati ukiitoa daktari, haibaki dayati ile ile kwa bei nafuu. Inageuka kitu kingine. Inakuwa njaa imevalishwa koti jeupe.

Na kabla mtu aniulize, hapana, mimi si daktari. Hata chuo niliachia njiani. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuandika hii. Mtu kama mimi, nikiwa na taa nzuri na simu nzuri, ninaweza kukushawishi uache kula. Hilo peke yake linafaa likutishe.

Tupige hesabu kwanza

Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700. Kwa hivyo kuchoma kilo 10 za mafuta unahitaji upungufu wa kalori 77,000. Gawa kwa siku 21. Unapata karibu 3,700 kwa siku. Sasa, watu wengi kwa siku nzima hawatumii hata 3,000. Yaani hata usile kitu chochote, hata maji yawe ndiyo chakula chako kwa wiki tatu, hesabu bado inakataa.

Ukienda na dayati halisi ya hospitali, tuseme mwili wako unatumia 2,200 na unakula 700. Upungufu ni 1,500 kwa siku, 10,500 kwa wiki. Hiyo ni kama kilo moja na nusu hivi ya mafuta kwa wiki. Ni nyingi sana, na madaktari wenyewe wanaiona ni kasi ya kuangaliwa kwa makini.

Basi hizo kilo nne za wiki ya kwanza ambazo kila mtu anapigia kelele zimetoka wapi? Maji. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya hiyo akiba inatunzwa na kama gramu tatu za maji. Ukiacha kula wanga, akiba inatumika, maji yanatoka, unaenda choo kila saa na mzani unakufurahisha. Ukila ugali Jumapili, yanarudi. Hujafanya kosa lolote. Ni maji yamerudi nyumbani.

Muuzaji anajua hii. Ndiyo maana changamoto zao ni za siku saba, kumi, ishirini na moja. Wanakuuzia ile wiki ya maji, wanachukua picha yako, halafu wanaendelea na mteja mwingine.

Protini si pambo

Sehemu ambayo inapotea kabisa kwenye hizi video ni kwa nini ile ya hospitali inasisitiza protini.

Mwili ukinyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake. Unakula misuli pia. Na moyo, nikukumbushe, ni msuli. Miaka ya 1970 kule Boston, madaktari George Blackburn na Bruce Bistrian walitengeneza mpango wa kuzuia hilo: mgonjwa anafunga karibu kila kitu, lakini anapewa protini ya kutosha, kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito anaofaa kuwa nao. Nyama isiyo na mafuta, samaki, kuku. Juu yake anapewa chumvi, potasiamu, kalisi na vitamini, kwa vipimo. Na damu inapimwa mara kwa mara.

Tuifanye ya hapa kwetu. Mtu ambaye uzito wake mzuri ni kilo 60 anahitaji angalau gramu 72 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hivyo hayo ni mayai 12, na hapo tayari umepita kalori 800. Ndiyo maana inabidi iwe nyama konde: robo kilo ya kifua cha kuku kilichopikwa, bila ngozi na bila mafuta ya kukaanga, inakufikisha kwenye gramu 75 hivi.

Sasa linganisha na ile ratiba inayozunguka kwenye WhatsApp: asubuhi maji ya ndimu, mchana tango na tufaha, jioni chai ya tangawizi na mdalasini. Hiyo siku nzima haifiki hata gramu 5 za protini. Kitu pekee inachofanana na dayati ya hospitali ni idadi ndogo ya kalori. Ni kama kusema mimi na rubani tunafanya kazi moja kwa sababu wote tunakaa kiti cha mbele.

Halafu kuna zile chai za kupunguza tumbo. Soma pakiti ukipata iliyo na maandishi. Nyingi zina sanamaki, ile dawa ya kuendesha ambayo nyanya zetu walikuwa wanatumia kufungua tumbo lililokwama. Kuendesha hakupunguzi mafuta. Kunatoa maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo unaanza kupiga bila mpangilio. Mtu tayari hali, halafu unamwendesha. Na zingine zinauzwa zikiwa "za miti shamba" kumbe zimetiwa sibutramine, dawa ya kuzima njaa ambayo Ulaya na Marekani waliiondoa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya matatizo ya moyo na kiharusi.

Haya yalishatokea, na watu walizikwa

Mtu akikuambia "aah, ni protini tu, protini itakudhuru vipi", mwambie kuhusu 1976.

Mwaka huo huko Marekani daktari mmoja anaitwa Robert Linn alitoa kitabu, The Last Chance Diet. Kikauzwa sana. Mpango ulikuwa rahisi: usile, kunywa protini ya maji peke yake. Hiyo protini ilitengenezwa kwa kuchemsha mabaki ya machinjio, ngozi, kwato, kano. Ni protini kwenye karatasi, lakini ni ya ubora wa chini sana, imekosa viungo ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Kampuni zingine zikaona pesa, zikaiga. Chupa zikawa zinauzwa madukani kwa mtu yeyote.

Kufikia 1978 kulikuwa na ripoti za vifo karibu 60. Wengine walikuwa wanawake wa umri mdogo tu, bila historia ya ugonjwa wa moyo, na moyo ukasimama. Serikali ya Marekani ikalazimisha onyo kwenye chupa.

Ona vile kitu kilitembea. Wazo lilianza hospitalini, na vipimo, na damu ya kupimwa. Likatoka hospitalini likiwa na jina tu. Vipimo vikabaki nyuma. Daktari akageuka picha ya nyuma ya kitabu. Miaka karibu hamsini baadaye, kitu kile kile kinatembea tena, safari hii kwenye simu yako, na hakuna hata onyo kwenye chupa.

Kwani huyo daktari anafanya nini hasa?

Hili ndilo swali ambalo watu huniuliza, na ni la haki. Kama unga ni ule ule na kalori ni zile zile, daktari anaongeza nini zaidi ya bili?

Kwanza, anakukataa. Nimeanza na hiyo makusudi. Muuzaji hawezi kukukataa, wewe ni pesa yake. Daktari ana orodha ya watu ambao hii kitu haiwafai: mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye figo mbovu, mwenye moyo uliolegea, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mtu ambaye ameshawahi kujitapisha au kujinyima chakula hadi akaugua. Na hata mtu mzima wa afya anayetaka tu kutoa kilo tano za harusi, atamwambia hapana, hii si yako. Dayati hii ni ya watu ambao uzito wenyewe tayari unawaumiza: kisukari cha aina ya pili, magoti yameisha, au mtu anayejitayarisha kwa upasuaji na ini linahitaji kusinyaa kwanza.

Pili, dawa zako. Hapa kwetu hapa ndipo hatari kubwa iko. Anti yako ana sukari na presha, kama anti za watu wengi. Anameza glibenclamide au anadunga insulini. Hizo dawa zinashusha sukari zikikadiria kwamba amekula. Siku anaanza kunywa unga wa kalori 600, hajala, lakini dawa haijaambiwa. Sukari inashuka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, anaanguka jikoni. Dawa za presha vilevile. Ukila kidogo hivi figo zinatoa chumvi na maji, presha inashuka yenyewe, na wewe bado unameza vidonge vya kuishusha. Unasimama kutoka kwa kiti, dunia inazima.

Hakuna video ya sekunde 40 nimewahi kuona ikiuliza, "Unameza dawa gani?"

Tatu, damu. Potasiamu, sodiamu, fosfeti, figo, asidi ya yuriki. Mtu anaweza kuwa anajisikia mwepesi na mwenye furaha huku potasiamu yake inaelekea mahali pabaya. Hiyo haionekani kwa kioo wala kwa suruali ya zamani. Pia uzito ukishuka kwa kasi sana, mawe yanaweza kujengeka kwenye kibofu cha nyongo, na jongo linaweza kuamka kwa mwenye nalo. Vitu hivi vinajulikana, vinatarajiwa, vinaangaliwa. Lakini lazima kuwe na mtu anaangalia.

Nne, mlango wa kutokea. Kuanza kufunga ni rahisi kuliko kuacha. Mwili uliokaa na njaa ukirudishiwa chakula kingi ghafla, hasa wanga, fosfeti na potasiamu kwenye damu zinaweza kuporomoka, na mtu anaweza kufa akiwa anakula. Madaktari walilijua hili vizuri baada ya Vita Vikuu vya Pili, walipoona wafungwa waliookolewa wakiugua baada ya kulishwa. Kwa hivyo chakula kinarudishwa polepole, mlo mmoja baada ya mwingine, kwa wiki.

Na mlango huo huo ndio unaoamua kama kilo zitarudi. Oprah Winfrey, Novemba 1988, aliingia jukwaani akivuta mkokoteni mwekundu uliobeba kilo 30 za mafuta ya mnyama, kuonyesha alichopunguza kwa dayati ya vinywaji ya Optifast. Nchi nzima ikapiga makofi. Haikuchukua muda, kilo zikaanza kurudi, na yeye mwenyewe ameliongelea jambo hilo mara nyingi. Huyo ni mtu mwenye pesa za kila aina. Kama yeye alirudi, wewe na mimi bila mpango wa kutoka tuna nafasi gani?

Ikifanywa vizuri inafanya nini

Sasa nisikufanye uchukie hii dayati, kwa sababu ikifanywa vile inafaa ni kitu cha maana sana.

Mwaka 2017 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti unaoitwa DiRECT, ulioongozwa na Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow. Walichukua watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili, waliogunduliwa ndani ya miaka sita, ambao hawakuwa wanatumia insulini. Nusu yao walipewa supu na vinywaji vya unga maalum, kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Dawa zao za sukari na presha zilisimamishwa siku ya kwanza kabisa. Halafu chakula kikarudishwa kidogo kidogo, na baada ya hapo wakaendelea kufuatiliwa.

Baada ya mwaka mmoja, 46 kati ya kila 100 kwenye hilo kundi sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha kisukari, bila dawa. Kwenye kundi lingine lililopata matibabu ya kawaida walikuwa 4 kati ya 100. Baada ya miaka miwili ile 46 ilishuka ikawa 36, kwa hivyo si muujiza wa milele. Lakini fikiria mtu ambaye aliambiwa utameza hizi dawa hadi kaburini, leo hamezi. Mfumo wa afya wa Uingereza sasa unatoa mpango wa aina hiyo kwa wagonjwa wanaostahili.

Kitu kilichonishika kwenye huo utafiti ni pale ulipofanyiwa. Haukufanyiwa kwa hospitali ya kifahari. Ulifanyiwa kwenye kliniki za kawaida za mtaani, na walioongoza wagonjwa wiki kwa wiki walikuwa wauguzi na wataalamu wa lishe waliopewa mafunzo. Shika hiyo, tutairudia.

"Lakini daktari ni pesa"

Naijua hii hoja na siidharau. Mtu ananiambia, wewe unaongea juu ya kupima damu na mimi nimepanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri nikaambiwa mashine imeharibika. Mwenye unga ananiletea hadi mlangoni, ananiita "mrembo", na anajibu ujumbe saa sita usiku. Daktari hata macho hakuinua.

Ni kweli. Na ndiyo sababu biashara hii inanawiri. Haiuzi unga, inauza mtu wa kukusikiliza. Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake 45 kati ya 100 wa umri wa miaka 20 hadi 49 Kenya wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Hiyo ni karibu nusu ya dada zetu na mama zetu. Kila mkutano wa familia kuna mtu atawasalimia na "Haki umenona, maisha imekupenda!" na wote wanacheka isipokuwa yeye. Huyo mtu akirudi nyumbani na simu yake, unafikiri atatafuta nini?

Lakini angalia vizuri hoja yenyewe inasema nini. Inasema: kwa sababu maskini hawezi kufika kwa daktari, apewe ile sehemu hatari ya matibabu bila sehemu inayomlinda. Hatuwezi kukubali hiyo kwa kitu kingine chochote. Hakuna mtu husema kwa kuwa upasuaji ni ghali, basi tukate wenyewe na kisu cha jikoni.

Na hata hiyo "nafuu" si nafuu. Uliza muuzaji bei ya unga wa mwezi mmoja. Ongeza chai. Ongeza vidonge vya kuzuia njaa. Halafu ongeza, Mungu apishie mbali, kitanda cha hospitali. Hakuna aliyekuuzia atakayechanga.

Kwa hivyo hasira yetu tuielekeze mahali inafaa. Tangu Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii, karibu 100,000, na kwenye mikoba yao kuna mzani, mashine ya presha na kifaa cha kupima sukari. Hiyo ni nusu ya safari, iko tayari, inatembea mtaani kwako. Kinachokosekana ni maabara ya kupima chumvi za damu karibu, mtaalamu wa lishe kwenye kituo cha afya, na mpango ulioandikwa wa nani anastahili na nani hastahili. Scotland na Newcastle waliweza na wauguzi. Tuwaulize magavana wetu na SHA: dawa za kisukari za maisha yote mnalipia, mbona msijaribu kitu kinachoweza kumtoa mtu kwenye dawa akiwa bado mapema?

Usijilaumu kwa kushindwa njaa

Kuna kitu kimoja zaidi na kiko moyoni mwangu. Hizi changamoto zina mtego. Ukishindwa siku ya tisa, ukala chapati usiku na mlango umefunga, wanakuambia huna nidhamu. Unaamini. Unaagiza tena.

Kati ya 1944 na 1945 huko Minnesota, mwanasayansi Ancel Keys aliwapa vijana 36 wenye afya chakula cha kama kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24. Hiyo ni mara mbili ya ile unayouziwa. Walikuwa wamejitolea wenyewe, wamechujwa akili na mwili. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kukasirikiana kwa vitu vidogo. Hao walikuwa wanaume waliochaguliwa kwa uimara wao. Wewe una kazi, watoto, matatu ya kugombania, halafu unajiita mdhaifu kwa sababu umeshinda siku nane na tango?

Si udhaifu. Ni mwili unafanya kazi yake ya kukuweka hai.

Basi tufanye nini

Kwa wewe unayetaka kupunguza: ukiwa na sukari, presha au uzito unaokuumiza, peleka swali hili kwa daktari moja kwa moja, "Hii dayati ya kalori kidogo sana inanifaa?" Sema dawa zako zote. Mtu akijiita mtaalamu wa lishe, uliza nambari yake ya usajili ya KNDI. Daktari, ya KMPDC. Mtu halisi hakasiriki ukimuuliza. Kama huwezi kumpata wa kukusimamia, basi chukua njia ya polepole. Punguza soda na sukari ya chai, punguza ugali sahani ijae mboga, weka maharagwe au omena au yai, tembea. Nusu kilo kwa wiki haina picha ya kupendeza ya siku 21, lakini kwa mwaka ni kilo nyingi kuliko watu wengi wanahitaji, na unalala ukijua utaamka.

Na ukiwa tayari umeanza kitu kama hiki, usisome hapa ukakimbilia sahani ya pilau. Nenda upimwe. Ukihisi kizunguzungu cha kuzimia, moyo unarukaruka, misuli imelegea, nenda leo, si Jumatatu.

Kwa wenzangu wa kutengeneza video, tuongee kama watu wa nyumba moja. Mwaka jana muuzaji mmoja alinitumia ujumbe. Pesa ilikuwa nzuri, sitadanganya, ilikuwa kodi ya miezi miwili. Akanitumia na maneno ya kusema: kwamba nimetumia unga wake, nimetoa kilo 9. Mimi mwenye kilo 61. Sijui hizo 9 ningezitoa wapi, labda mguu mmoja. Nikamuuliza swali moja: mteja wako akiwa na sukari unamwambia nini? Akanijibu, "Hiyo ni juu yake."

Hapo ndipo biashara yote inasimama. Hiyo ni juu yake. Nilikataa, na najua mwingine alikubali, kwa sababu video niliiona baadaye, na maneno ni yale yale, kilo 9 zile zile.

Siombi mtu afe njaa kwa kukataa kazi. Naomba kitu kidogo. Kabla hujachapisha, muulize muuzaji swali hilo hilo. Akiwa na jibu la maana, akuonyeshe daktari wake kwa jina na nambari, ongeeni. Akikuambia ni juu yake, jua kwamba mtu wa kwanza kununua kupitia kwako anaweza kuwa mama ya mtu, na glibenclamide kwenye mkoba, na imani kamili kwako kwa sababu unamchekesha kila jioni.